Leso ya Mejumaa Yafika Kachi

Amtulla wa Bondeni, Mombasa, alikuwa na mali mbili: cherehani aliyoachiwa na marehemu mumewe, na huruma isiyojua kukaa kitako. Mwaka wa arobaini na sita, vita vimekwisha lakini nguo adimu kama maziwa ya kuku, akasikia kuwa huko Kachi, Bara Hindi, walikotoka babu zake, kuna mabinti mayatima hawaendi shule kwa kukosa la kuvaa. Haya! Akapita nyumba kwa nyumba mpaka Makadara, akiomba leso kuukuu, zile kanga za maandishi, awashonee magauni.

Wanawake wakatoa, tena kwa moyo mmoja. Lakini nani atoe leso yenye maneno matamu? Kila mmoja alichomoa ile ya kumsutia mwenziwe. Gunia likajaa vijembe vitupu: hii MWIZI WA MUME HANA HAYA, ile UTANGOJA SANA. Amtulla alipotaka kuyakata maneno, akaona kila gauni litapungua shubiri nzima na mtoto atabaki magoti nje.

"Aka! Kachi nani asomaye Kiswahili?" akasema, akashona hivyo hivyo. Magauni akampa Bwana Valli, mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri huko.

Miezi ikapita, habari hakuna. Hapo ndipo jirani yake Mejumaa alipofungua mdomo, na mdomo wa Mejumaa ukifunguka hauna kufuli.

"Mayatima wapi! Leso zetu zauzwa sokoni, nyinyi mwalala."

Basi, yakaenea. Amtulla akibisha hodi, hapewi leso, apewa visingizio. Na magauni aliyopeleka ng'ambo yalitosha nusu tu ya mabinti, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alilia, wallahi, juu ya cherehani mpaka akaogopa isije ikashika kutu.

Valli aliporudi, Amtulla akawaita wanawake wote ukumbini kwake. Mejumaa akawahi wa kwanza, amejitanda leso yake, akaketi mbele kabisa asije akapitwa na aibu ya mwenziwe. Valli, kwa heshima, akasimama nje ya mlango.

"Magauni yamefika, mama zangu," akasema. "Watoto wakaniuliza maneno haya yana maana gani. Niwaambieje? Nikasema ni dua, nikawafundisha kuyatamka. Sasa kila asubuhi kabla ya somo wanasomeana vifuani, wakaitikia amina!"

Lo! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Valli akapitisha picha. Mabinti wamepangwa safu, na mbele kabisa kisichana chembamba, kibogoyo, kinacheka, na kifuani: WASEMA USIYOYAJUA.

Kicheko kikakatika. Wanawake wakatazama picha, wakatazama mgongo wa Mejumaa. Maneno yale yale, maua yale yale! Leso huuzwa doti, mbili mapacha. Mejumaa kwa ubahili wake alitoa moja, na pacha yake ndiyo aliyojitanda siku ile, makusudi, imsute Amtulla.

Mejumaa akaishika picha, akaitazama sana.

"Gauni lambana kwapani," akasema mwishowe. Akajivua leso, akaiweka mapajani mwa Amtulla. "Nisamehe, shoga. Mshonee jingine."

Amtulla akaikunjua. "Na haya maneno, niyakate?"

"Yaache," Mejumaa akajibu, akijipangusa macho. "Yeye aitikie amina. Mimi nimekwisha kuyasoma."