Tasnifu Iliyoshikilia Meza ya Runinga

Saa mbili asubuhi, maktaba ya chuo inafunguliwa kwa taadhima zote: mlango unalia, feni inakohoa, na mkutubi wanayemwita Mama Azima anawasha kompyuta yake kwa upole, kama mtu anayemwamsha mkwe.

"Taratibu, mzee," anaiambia. "Hatukimbizwi."

Ni uongo. Wanakimbizwa. Mbele yake ameketi mwanafunzi wa ukunga, macho mekundu. Kesho anawasilisha utafiti wake kuhusu kuwabeba kifuani watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, na msimamizi wake hataki mchezo: tasnifu ambayo hajaisoma kwa macho yake, asiitaje. Sura yake nzima imesimama juu ya tasnifu moja ya zamani. Ikiondolewa, anarudia mwaka.

Kazi ya Mama Azima ni kutafuta maandiko ya kitaalamu ambayo maktaba yake haina. Hupekua mtandaoni, akikosa, huyaazima kwa maktaba nyingine. Ndipo lilipotoka jina.

Tasnifu hii ilimtoa jasho. Orodha yake ilionyesha ipo maktaba ya chuo jirani. Akaiomba. Wenzake wakajibu kwa adabu kwamba orodha yao inaonyesha ipo kwake, na wao pia walikuwa wakingoja awaazime. Nakala hiyo moja ilipotea zamani ikiwa njiani, na kila upande ukaandika kuwa imefika kwa mwenzake.

"Tulikuwa tunaazimana hewa," anasema, akicheka hadi miwani inashuka. "Basi nikamtafuta aliyeiandika."

Mwandishi ni muuguzi mstaafu. Mama Azima alipata namba yake kupitia hospitali aliyofanyia kazi, akampigia jana.

"Shikamoo, bibi. Naitafuta tasnifu yako."

"Kuna mtu anataka kuisoma?"

"Yupo, tena analia."

"Mwambie anyamaze. Ninayo. Imeshikilia mguu mfupi wa meza ya runinga."

Sasa picha za kurasa zinaingia kwenye simu ya Mama Azima, moja moja. Mpigapicha ni mjukuu wa muuguzi, na kila ukurasa umepambwa na kidole gumba chake.

"Mama, amefunika matokeo," mwanafunzi ananong'ona.

Mama Azima anapiga simu na kufungua spika. Humu ndani kuongea kwenye simu ni kosa lenye bango lake ukutani. Wasomaji wote wanajifanya viziwi.

"Bibi, ukurasa wa matokeo. Chini ya kidole kuna nini?"

"Ngoja nivae miwani." Karatasi zinachakarika. "'Watoto waliobebwa kifuani walipumua vizuri zaidi, wakatulia, wakalala.' Msimamizi wangu alitaka neno la kitaalamu. Nikamwambia, lakini wamelala."

Mwanafunzi anaandika, huku akijifuta kwa mkono wa shati. "Na mimi nimeyaona hayohayo wodini, bibi."

"Kumbe sikuota, mwanangu. Endelea, huyu mjukuu asogeze kidole."

Wanasoma hivyo hadi ukurasa wa mwisho. Mwanafunzi anaondoka mbio, anasahau kalamu, anarudi, anamkumbatia mkutubi, anaisahau tena.

Mama Azima anapanga Jumamosi aende kwa muuguzi mstaafu, na kipande cha ubao mkobani.

"Tasnifu naiazima siku mbili, nitoe nakala ya maktaba. Nitairudisha kwa mkono wangu, isije nayo ikapotea njiani." Anaichukua kalamu iliyosahauliwa, anaitia mfukoni kwa usalama. "Ubao namwachia. Tasnifu ikirudi, ikae juu ya meza."