Mkate wa Fyulisi Niliomwokea Mkwe

Chekeni, ila taratibu. Baba wa binti anayetakwa na mjukuu wangu alikuwa anatoka Makambako kuja kuiona nyumba yetu hapa Njombe, ndipo aseme kama anamtoa bintiye. Nikaapa nitamwokea mwenyewe mkate wa fyulisi, yale mapichi ya kwetu, wenye jibini laini katikati. Marehemu mke wangu alikuwa fundi wa kuoka, mimi fundi wa kula. Shule niliishia darasa la pili, lakini hilo silo lililoniponza. Yaliyoniponza ni makopo. Kwetu kopo la siagi likiisha halitupwi, hutiwa kitu kingine, na mimi nilikuwa nayo mawili yaliyofanana.

Nikaweka makaa juu na chini, mkate ukaumuka vizuri. Mgeni akatafuna, akaacha, akanusa.

"Mzee mwenzangu, unafuga?"

"Ng'ombe wawili wa maziwa."

"Basi hii si jibini. Haya ni mafuta ya kukamulia. Nayapaka chuchu za ng'ombe wangu kila alfajiri."

Mjukuu wangu akainamisha kichwa. Ikabidi nikiri kwamba jibini limebaki kwenye kopo la pili, linalofanana na hilo. Mgeni akapangusa mdomo, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mwanangu hatakosa maziwa nyumba hii. Haya, mkwe wangu, lete sasa lile kopo lingine."