Tambi Nyeusi za Siku ya Kuhama

Mimi si mtu wa kulialia. Muulize mume wangu: siku tuliyomzika baba yangu nilipika, nikapakua, nikaosha vyombo, ndipo nikakaa chini. Lakini siku tuliyohamia Qingdao, kiwanda cha viatu cha mume wangu kilipomleta huku China, nilikaa juu ya sanduku la sufuria nikalia kwa kwikwi. Sababu? Tambi.

Kwetu Korea mtu hahami nyumba kwa chai na mkate. Unahama, mgongo unauma, vijiko hujui viko sanduku gani, basi unapiga simu kwa Mchina mwenye mkahawa wa mtaani: tambi nyeusi mabakuli manne, upesi! Zinakuja ndani ya boksi la bati, mchuzi wake wa soya mweusi tititi unang'aa mafuta. Mnatandaza magazeti sakafuni, mnakula mpaka midomo inakuwa myeusi. Hapo umehama. Bila hivyo umebeba mizigo tu.

Sasa mimi nimekuja China kwenyewe, tena mkoa huu wa Shandong walikotoka mababu wa wapishi wale. Nikasema moyoni, hapa nitazila mpaka nizikinai. Loo! Nikaletewa tambi za kahawia, chumvi tupu, na matango mabichi juu. Sisemi ni mbaya, wenyewe wanazipenda. Lakini si zenyewe. Mwaka mzima nilizitafuta, mtaa kwa mtaa, na kila Mkorea niliyemuuliza alinijibu kitu kimoja: "Mama Dasol, sahau. Huku hazipo."

Zilikuwepo. Ilikuwa mwezi wa pili, baridi kali, natoka kununua kabichi, pua yangu ikashikwa. Vitunguu, mafuta ya nguruwe, na ule ujiuji wa soya ukikaangwa. Nilisimama katikati ya njia baiskeli zikinipigia kengele. Nikafuata harufu mpaka kwenye chumba kimoja chenye meza sita, zote tupu. Jikoni alikuwa mzee mmoja mfupi, mabega mapana, ananitazama kama nimekuja kumdai kodi.

Nikamuuliza kwa Kichina changu cha kuokoteza, "Unakaanga nini?"

Akanijibu kwa Kikorea, tena kile cha kwetu bandarini Incheon. "Kwani wewe unaona nakaanga nini? Viatu?"

Nikaketi bila kukaribishwa. Nilikula mabakuli mawili. La pili nilikula machozi yakinidondoka, na mzee akasema, "Lia pembeni, mama, mchuzi una chumvi ya kutosha." Hivyo ndivyo nilivyomjua mzee Chu Gwangbin.

Alizaliwa Incheon, ghorofani juu ya mkahawa wa baba yake. Akiwa na miaka tisa alikuwa anaosha mabakuli, na akiwa na ishirini moto wa jiko ulikuwa wake. Kule watoto walimwita Mchina, wakamrushia mawe, kisha walipokua wakaja kula kwake. Alipofikisha sitini aliuza mkahawa, akaja na mkewe, Bi. Yu, kwenye nchi ya baba yake. Na huku nako wakamwita Mkorea.

"Sijali," aliniambia. Alikuwa anajali sana, ilionekana.

Lililomkaa kooni lilikuwa hili. Chumba kilikuwa cha Laifu, mtoto wa baba yake mdogo, mwenye maduka matatu ya mikate ya mvuke. Laifu alionja tambi nyeusi mara moja akasema, "Kaka mkubwa, umeunguza." Basi akampa muda mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Meza zisipojaa, chumba kinakuwa duka la nne la mikate, na mzee Chu ataingia jiko la Laifu kukata mboga. Mtu aliyeshika moto miaka arobaini akakate mboga, tena mbele ya wapishi wenye umri wa wajukuu zake! Bi. Yu aliponisimulia, nilisikia hasira mpaka masikio yakawaka.

"Kwa nini Wakorea hawaji?" Bi. Yu akaniuliza.

"Kwa sababu wote wameshaumwa na zile za kahawia," nikamwambia. "Wakiona bango la Kichina wanapita mbali."

Mwezi ule ule wa tatu kulikuwa na jengo jipya mtaani kwetu, ghorofa kumi na nne, lote limekodishwa kwa familia za Wakorea. Funguo zingetolewa Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa Kikorea, herufi kubwa: TAMBI NYEUSI. MPISHI WA INCHEON. TUNALETA MLANGONI. Na namba ya simu.

Mzee Chu akaipinga. "Mimi si dawa ya meno mpaka nibandikwe ukutani."

"Basi kakate mboga," nikamjibu.

Alinitazama juu mpaka chini. Kisha akachukua karatasi, akaisoma, akasema mwandiko wangu mbaya, na akanipa gundi.

Laifu alipata habari za jengo. Jumamosi akaja mapema, suti na kila kitu, akaketi karibu na dirisha aone huo umati. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Saa tisa akaingia mteja mmoja kuuliza choo. Laifu akacheka mpaka akashika meza.

"Kaka mkubwa, wamepewa funguo leo. Wako wapi?"

Mzee Chu alikuwa anamenya vitunguu polepole. "Leo hahami mtu."

"Mtu amepewa funguo, anakaa nje?"

"Anakaa."

"Umezeeka, kaka. Alhamisi nakuja na fundi kupima mahali pa majiko ya mvuke. Samahani, lakini biashara ni biashara."

Alipoondoka nilimgeukia mzee nikataka kumfariji, akaniwahi. "Angalia kalenda, mama. Ya mwezi mwandamo. Na wewe ni Mkorea wa aina gani?"

Nikaangalia. Nikajipiga kofi kwenye paji la uso. Alhamisi ilikuwa tarehe kumi na tisa ya mwezi mwandamo! Kwetu, tarehe za mwezi huo zinazoishia kwa tisa au sifuri mapepo wanapanda mbinguni, hawapo duniani kumfuata mtu kwenye nyumba yake mpya. Ndizo siku za kuhama. Msomi ahame, daktari ahame, wote watakuambia hawaamini mambo hayo, na wote watahama siku hiyo. Laifu ni Mchina wa hapa, angejulia wapi? Mzee Chu alikuwa amewapelekea Wakorea chakula cha kuhamia maisha yake yote. Kalenda ile aliijua kuliko sisi.

Jumatano tulikanda unga mpaka mikono ikafa ganzi: mimi, Bi. Yu na mzee. Mzee hakulala vizuri, macho yalikuwa mekundu, na mara tatu aliniuliza kama karatasi bado iko ukutani.

Alhamisi, saa tano kasoro, magari ya mizigo yalikuwa yamepanga foleni mpaka kwenye kona. Saa tano na dakika kumi simu ikalia. Mzee akanifanyia ishara nipokee mimi.

Alikuwa mama mmoja wa ghorofa ya saba, sauti kavu. "Nyinyi ni Wachina wa wapi?"

"Wa Incheon."

"Kila mtu anasema hivyo. Vitunguu vibichi mnaleta?"

"Tunaleta. Na figili za njano."

"Na mandu za kukaanga?"

Anataka vile visambusa vyetu vya nyama. Nikamgeukia mzee. Akasema kwa sauti, ili yule mama asikie mwenyewe, "Akiagiza na nyama ya mchuzi mtamu, mandu ni bure! Tangu lini mandu ni za kuuliza?"

Hilo la mandu za bure hulijua mpishi wa kwetu tu. Kisha yule mama akasema, na sauti haikuwa kavu tena, "Leta tambi mabakuli sita. Na nyama. Leta upesi, tafadhali."

Bi. Yu akapanda baiskeli yake ya magurudumu matatu na boksi la bati nyuma, akaondoka akikanyaga kama anafukuzwa. Hakuwa amerudi, simu ikalia. Ghorofa ya tatu. Ghorofa ya kumi na mbili. Ghorofa ya saba tena: majirani wamesikia harufu kwenye ngazi. Nikiweka simu chini inalia kabla sijaondoa mkono. Na mzee Chu! Ungemwona! Karai linarushwa, moto unapanda, tambi anazivuta na kuzipiga mezani, pa! pa! Miaka ishirini ilikuwa imemtoka mwilini. Alikuwa anaimba.

Laifu akafika saa saba na fundi wake na utepe wa kupimia. Hakupata pa kuingilia. Wanaume waliovua makoti wameketi meza zote sita, wengine wamesimama na mabakuli mkononi, midomo myeusi kama watoto waliokula makaa.

"Kaka mkubwa, hawa wote..."

"Usisimame hapo! Mabakuli yameisha. Lete ya kwako!"

Laifu akamtuma fundi dukani kwake mbio, kisha akavua koti la suti, akaanza kumenya vitunguu. Vibaya, lakini akamenya.

Saa tisa simu ikalia. Mimi nilikuwa nafunga boksi, Bi. Yu yuko njiani, mzee yuko kwenye moto. Laifu ndiye aliyekuwa karibu, akapokea. Akasikiliza, macho yakamtoka.

"Kaka, anapiga kelele! Sielewi neno!"

"Anauliza tambi zake ziko wapi," mzee Chu akasema bila kugeuka.

"Ziko wapi?"

"Unga wake huu hapa, bado naukanda. Mwambie zimeshatoka."

"Lakini hazijatoka!"

"Laifu! Kila mwenye mkahawa wa tambi nyeusi duniani husema zimeshatoka. Sema nami." Akamtamkia yale maneno kwa Kikorea, polepole, moja moja.

Laifu akakohoa, akanyoosha mgongo, akayasema kwenye simu kwa lafudhi ya ajabu ambayo sijawahi kuisikia: "Zimeshatoka!"

Duka zima likalipuka kwa kicheko. Mwanaume mmoja alipaliwa na tambi ikabidi apigwe mgongo. Mzee Chu akageuka kutoka kwenye moto, uso umejaa jasho, anacheka na analia pamoja, wala hakujificha.

"Umesikia, Bi. Yu?" akapaza sauti, maana mkewe ndiyo kwanza alikuwa anaingia. "Mwenye nyumba anadanganya wateja kwa niaba yetu!"

Na Laifu, hata kabla hajaweka simu chini, alikuwa anamwuliza fundi kama ukuta ule wa pembeni unaweza kubomolewa ziingie meza nne zaidi.