Gauni la Mchuma Pamba

Nafundisha ushonaji Butimba, na mwezi uliopita nilijiaibisha mbele ya ukumbi mzima.

Nilikuwa nimeazima picha ya zamani kwa familia moja ya Magu. Ilikuwa na mwanamke shambani, amevaa gauni la kaniki lenye mishono yote kwa nje. Niliitazama wiki nzima, kisha nikajipa utaalamu. Nikashona magauni sita ya namna ile, wanafunzi wakayavaa siku ya maonyesho, nami nikaitundika picha ukutani na kushika kipaza sauti.

"Bibi zetu walishona hivi makusudi," nikatangaza, "ili mshono usiwakwaruze wakichuma pamba."

Watu wakapiga makofi. Wageni wengine wakaandika kabisa.

Ndipo bibi mmoja akasimama mstari wa mbele, mkongojo mkononi.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyo wa pichani ni mimi."

Nikajua atanigombeza kwa kumtundika ukutani bila ruhusa yake.

"Mpiga picha alitukuta tunachuma," akasema. "Gauni langu lilikuwa na tope mpaka kifuani. Nikakimbilia kichakani, nikaligeuza ndani nje, nikarudi kupigwa picha."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akashikilia kiti, na mimi, badala ya kulia, nikajikuta nacheka naye.

Kisha akawageukia wanafunzi wangu sita.

"Haya wanangu, nendeni mkayageuze."