Njiwa wa Jirani na Ngozi ya Kondoo

Juzi, katika karakana ya ngozi iliyo pembezoni mwa mji wa Kasulu, pua yangu ilikumbuka kabla yangu. Fundi kijana, aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, alikuwa akimimina unga mweupe katika pipa la maji ya uvuguvugu.

"Ni kimeng'enya, mama," alinieleza. "Kinalainisha ngozi."

Nilimtazama kwa shaka. Tangu utotoni nimewashuku walainishaji wa ngozi; na shaka hiyo, msomaji wangu, sikuitoa vitabuni. Nilirithishwa na bibi.

Tuliishi Busunzu, katika nyumba iliyozungukwa na migomba, na jirani yetu wa karibu alikuwa mtengeneza ngozi. Alifuga njiwa wengi, lakini hakuna aliyewahi kumwona akichinja hata mmoja. "Mtu afugaye njiwa asiwale, anawafugia nini?" bibi aliuliza kila alipowasikia wakilia asubuhi, huku akipepeta maharage. Jirani alifagia chini ya vizimba vyao, akakusanya alichofagia katika chungu chenye kifuniko, na hakumruhusu mtu akifunue. Sisi watoto tulipita pale tumeziba pua. Hata hivyo, ngozi zilizotoka katika chungu kile zilikuwa laini kama jani changa la mgomba, na ulaini huo ndio uliomtia bibi mashaka zaidi.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito. Bibi aliapa kwamba mjukuu wake atabebwa mgongoni kwa ngozi, kama alivyobebwa yeye, na ngozi yenyewe ilikuwa moja tu: ya kondoo wa mwisho aliyeachwa na marehemu babu. Jirani aliiloweka katika maji ya majivu, akaiparua manyoya, akaiosha. Ilipofika zamu ya chungu, bibi alikataa katakata.

"Chungu chako kitahamia kwangu, nikione kwa macho yangu."

"Kichukue, bibi. Ila kiweke mbali na moto. Na jioni nitakuja kuibonyeza."

"Kuibonyeza! Kwani ngozi ni parachichi?"

Jirani alicheka. "Kidole gumba ndicho saa yangu. Alama ikibaki, ngozi inatolewa majini palepale. Ikichelewa, usiniulize mimi."

Bibi alikiweka chungu, ngozi ikiwa ndani, kando ya mafiga, mahali alipoweza kukilinda bila kuacha kupika. Nami, niliyepewa kazi ya kuchochea kuni, nilichochea kwa bidii. Jioni jirani alibisha hodi. Bibi alinishika mkono, akaninong'oneza, "Nyamaza. Anakuja kumalizia uchawi wake." Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Kisha tukasikia nyayo zikirudi.

Asubuhi bibi alifunua chungu, akaivuta ngozi, na vidole vyake vikapenya kama katika ugali wa mtama. Alipiga yowe, na watu wakatokea migombani kila upande. "Ameila ngozi ya mjukuu wangu!" Jirani alisimama kwenye njia, akamtazama bibi, kisha akayatazama mafiga. Tangu siku ile hakuna aliyempelekea ngozi. Kabla ya mvua alihamia Kumsenga, njiwa wake wakiwa katika matenga, na mdogo wangu alibebwa kwa kitenge kama watoto wengine.

Yote hayo yalinirudia pale karakanani. Nikamuuliza fundi: je, pipa likikaa karibu na moto mpaka asubuhi?

"Kimeng'enya kitaila ngozi yenyewe, mama. Joto linakiharakisha, nacho hakijui kusimama."

"Na zamani, kabla ya unga huu?"

"Kinyesi cha njiwa," alijibu, akitabasamu kama anayenitania. "Kazi ni ileile."

Bibi alifariki akiwa na yakini yake. Vizimba vya njiwa havipo tena Busunzu, wala sikumpata mtu wa kunionyesha viliposimama. Jirani naye sikuwahi kumtafuta, ingawa Kumsenga si mbali.

Fundi aliitoa ngozi majini, akanikunjulia ukingo wake. "Bonyeza, mama." Nilibonyeza kwa kidole gumba, na alama ikabaki, safi, isiyofutika. Saa ilikuwa imetimia. Jioni ile ya Busunzu pia ilikuwa imetimia, mtu akabisha hodi mara tatu, nami nikaendelea kuchochea moto.