Gari ya Sébastien na Mazutu ya Mbonigaba

Kibabi nzima, kwetu vilimani Masisi, ilijua kwamba Sébastien Dusabimana halazi gari mahali tambarare. Land Cruiser yake ya mazutu, yaani dizeli, nzee kuliko watoto wake wote, ililala kwenye mteremko wa nyumbani, pua ikiangalia bonde, jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi anatoa jiwe, gari inateremka, anaachilia klachi, motere inakohoa, inashika. Sisi watu wa vilima tunaita hiyo akili. Shofere wa Masisi asiyejua kuwasha gari kwa mteremko, huyo ni shofere gani? Na Sébastien naye alikuwa na mdomo. "Gari yangu haijalala njiani hata siku moja," alikuwa akisema, na nani angembishia, wakati ndiye aliyebeba maharagwe ya watu na wagonjwa wao?

Halafu siku moja ya soko gari ikamgomea. Alikuwa ametoka kutia mazutu kwa Mbonigaba, jirani yake aliyeuza kwa bidon, yaani madumu, kando ya barabara, akaacha gari kwenye uwanja wa soko, ambao ni tambarare. Mvua ikanyesha hadi mchana. Aliporudi, alizungusha ufunguo, akazungusha tena, motere haikushika. Abiria wakaanza kucheka. Mtu aliyezoea sifa hajui kuchekwa. Sébastien hakufungua hata skrubu moja ili aangalie. Alipanda juu ya bampa, akasema watu wote wasikie:

"Hii njo mazutu ya Mbonigaba. Iko anatia maji ndani."

Kufika jioni, habari ilikuwa imewafikia hata wasiotoka nyumbani. Mbonigaba alijitetea mpaka sauti ikakauka, lakini nani atamsikiliza muuza bidon mbele ya shofere? Baadaye alifunga kibanda, akaenda kulima mashamba ya wengine. Walipokutana kanisani alimsalimia Sébastien kwa adabu, na Sébastien alimwitikia kwa upole, kama mtu aliyekwisha kusamehe. Eti kusamehe! Mimi hapo hasira hunipanda, lakini tuendelee.

Ukafika wakati wa kupeleka mahari ya Plamedi, kijana wa kwanza wa Sébastien. Msichana alikuwa wa Bweremana, chini kule ziwani. Sébastien alipakia wazee wa ukoo pamoja na shangazi yake, Mama Mukagasana, wakapokelewa vizuri, wakala samaki, wakalala. Asubuhi wakaaga, wakapanda. Gari ikakataa.

Bweremana, pale walipolala, ni tambarare tupu. Hakuna mahali pa kuteremkia. Wakwe wakatoka nyumba nzima, baba wa msichana akakunja mikono ya shati ili asukume. Sébastien alitamani ardhi immeze. Mkwe asukume gari ya mkwe, siku ya mahari? Hiyo ingesimuliwa mpaka kwa wajukuu. Akamwomba aache, akafungua boneti.

Mama Mukagasana akasogea. "Mazutu hii ulinunua kwa nani?"

"Sake, shangazi. Kwenye stesheni ya mafuta."

"Si ya Mbonigaba?"

"Mbonigaba hauzishe tena."

"Najua," shangazi akasema, akabaki amesimama palepale.

Sébastien akaanza kubonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Pampu hiyo ikipata mazutu huwa ngumu chini ya kiganja. Hii ilibaki laini. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa: likatoka povu, likachemka, likatoka tena. Akakinga mazutu hiyo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaiinua juani. Ilikuwa safi, haina tone la maji. Basi akachomoa tiyo, mrija wa mafuta unaotoka kwenye tangi, akaweka tiyo nyingine fupi toka kwenye chupa ile moja kwa moja hadi kwenye filta, akabonyeza mpaka povu likaisha. Akazungusha ufunguo. Motere ikashika mara moja, pale pale kwenye tambarare.

Kwa hiyo ubaya ulikuwa kati ya tangi na filta. Akalala chini ya gari, akafuata tiyo kwa vidole mpaka karibu na tangi. Hapo akakuta kipande cha mpira wa ndani ya tairi kimefungwa kuzunguka mpasuko. Fundo lilikuwa lake. Alilifunga mwenyewe, kabla ya ile siku ya soko, akiwa na haraka ya kuwahi mzigo wa kabichi, akasema atarudi kununua tiyo mpya. Mpasuko haukuvujisha kitu nje, ila ulivuta hewa ndani. Gari ikilala pua chini, mazutu inabaki mbele. Ikilala tambarare, inarudi polepole kwenye tangi. Mteremko wake aliojivunia ndio uliomfichia ubovu huo.

Alikaa chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Alipotoka, Mama Mukagasana alitazama ule mpira mkononi mwake. Sébastien akakata sehemu iliyopasuka, akaunga tiyo upya, wakarudi Kibabi.

Kwetu mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Sébastien alichukua bidon ya kasiksi, pombe nzuri ya ndizi, akaipakia garini, akaenda, akamkuta Mbonigaba mlangoni kwake. Akasema yote, bila kujipunguzia. "Haikuwa mazutu yako. Ilikuwa tiyo yangu. Nilikuchafulia jina bure, kaka. Siku ya soko nitasimama niseme mbele ya watu."

Mbonigaba hakugusa kasiksi. Aliuliza taratibu:

"Unajua ni nani alikuwa ananiletea mazutu ile?"

"Hapana."

"Paul, mudogo wangu. Mimi najua sikutia maji. Nikasema basi ni yeye aliiba akajazia maji, kwa sababu wewe ni shofere, unajua magari. Nilikuamini wewe. Nikamwita mwizi mbele ya mama yetu. Akahamia Ntoto kule Walikale. Mama alikufa akijua alizaa mwizi."

Soko lingemsikia Sébastien, kanisa lingemsikia. Mama yule hangesikia tena.

Mbonigaba akaingia ndani, akatoka na koti, akapanda kwenye gari ya Sébastien, akafunga mlango.

"Tunaenda kwa Paul," akasema. "Pale barabara itaisha, tutatembea. Utasema wewe kwanza. Mimi sina uso ya kumuangalia."