Nilisimama MC Alipomwita Mama wa Bibi Harusi

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka 37, ni fundi cherehani hapa Mpanda, maeneo ya Makanyagio, na sijaolewa. Nyie mtakaosoma naomba msinicheke, maana nimeshachekwa na ukumbi mzima.

Mimi ni yule mgeni anayelia kwenye harusi za watu. Kila nikialikwa najiambia leo nitakula pilau yangu kimyakimya nirudi nyumbani, lakini bibi harusi akipiga tu magoti kumlisha mama yake keki, nimeisha. Watu wana majibu yao: wivu, umri umemtupa mkono, huyo aliachwa. Kumbe kila mtu anaingia ukumbini na lake moyoni, na la kwangu lina jina. Tumwite Neema.

Neema anajua mimi ni dada yake. Mtaa mzima unajua hivyo. Ukweli ni kwamba nilimzaa mimi, nikiwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Tumbo lilipoanza kuonekana, mama aliwaambia majirani zetu wa Nsemulwa kwamba yeye ndiye mjamzito na tunakwenda kulima Sibwesa kwa dada yake. Tulikaa huko msimu mzima. Siku ya kurudi, mama alikuwa na mtoto mgongoni, mimi nimebeba mfuko wa mahindi kichwani huku maziwa yananivuja. Alinifunga kitambaa kifuani akaniambia, "Kuanzia leo huyu ni mdogo wako. Ukifungua mdomo, umenizika." Nikasema sawa mama. Nilikuwa mtoto, ningesema nini?

Alimlea vizuri, sikatai. Ndiyo maana inauma zaidi.

Miezi kadhaa iliyopita Neema alipata mchumba, kijana mzuri tu. Upande wa mume walipoleta mahari, walileta na mkaja wa mama, kile kitenge cha kumshukuru mama aliyemzaa binti. Ukapangwa kukabidhiwa siku ya sendoff mbele ya watu. Gauni la Neema nililishona mimi, na sare za wamama wote nilishona mimi. Nilikaa meza ya nyuma nikijua kabisa kitakachotokea. MC akashika maiki: "Naomba asimame mama aliyembeba binti huyu miezi tisa tumboni, aje apokee mkaja wake!"

Jamani, nilisimama.

Mungu ni shahidi, sikupanga. Nilishatembea mpaka katikati ya viti ndipo nikamwona mama naye anakuja mbele, macho yake yakinitazama kwa hofu. MC akanidaka: "Dada mtu, punguza haraka, hujaitwa wewe! Mume wako yuko njiani anakuja!" Ukumbi ukaangua kicheko. Neema naye alicheka, ameziba mdomo na maua yake. Nilirudi kwenye kiti nikalia kwa sauti, hadi shangazi akanishika mkono akanitoa nje. "Huu wivu kwa mdogo wako utakuaibisha, mwanangu," aliniambia.

Wiki iliyofuata mama alikuja kibandani kwangu na mfuko mweusi. Ndani mlikuwa na ule mkaja. Alisema, "Chukua, ni wako. Ila usiuvae." Katika miaka ishirini na moja ndiyo mara ya kwanza kukiri, na hata hakukaa. Niliuficha chini ya vitambaa vya wateja, na hapo ndipo nilipokosea. Neema alikuja kuchagua kitambaa cha blauzi, akapekua mpaka akaukuta.

"Dada! Hata mkaja wa mama umeiba? Mimi nilikukosea nini?"

Nikasema mama amenipa. Akampigia mama palepale, akaweka spika. "Mama, eti umempa dada mkaja wako?" Tukamsikia mama anapumua kwenye simu. Kisha akasema, "Uchukue tu mwanangu, uniletee, yaishe." Neema aliondoka nao na hakuaga. Mimi nilirudi kwenye cherehani maana kulikuwa na mteja anasubiri suruali yake.

Sasa Neema ni mjamzito wa miezi saba. Amewaambia ndugu kwamba akijifungua yeyote anaweza kwenda kumhudumia isipokuwa mimi, eti nisimpelekee mwanae jicho la husuda. Mjukuu wangu huyo. Nimewaza kumwambia ukweli, lakini nikisema nitakuwa nimemnyang'anya mama yake na kumletea mwanamke anayemchukia. Na mama yangu presha yake siyo ya mchezo siku hizi, lolote likitokea nitalibeba mimi. Nimelipindua hili jambo kila upande, sioni pa kutokea.

Jana mama alinipigia. Anataka nimshonee Neema mkaja wa kumfunga tumbo baada ya kujifungua, maana madukani haoni kitambaa kizuri. Akasisitiza nisimwambie mtu nani kaushona, kwa sababu Neema akijua atautupa. Nimeukata tayari, uko hapa kwenye cherehani, na toka asubuhi sijaushona hata mstari mmoja.

Nyie mliozaa, na nyie mliowahi kufichwa mama zenu, niambieni. Niushone nikae kimya hadi nife, au niende kwake akiwa bado na tumbo hilo, nimwambie mimi ni nani? Nifanye nini?